Milioni 18, kreti 40 za parachichi, na gari la kununua

SWALI: Shikamoo mzee. Nafanya biashara ya parachichi na ndizi, naishi Kiborloni, Moshi. Nakusanya mzigo Uru na Kibosho, napeleka soko la Kilombero Arusha mara mbili kwa wiki, kama kreti 40 kila safari, na kila safari nakodi gari. Nimechoka kukodi. Nina milioni 11 zangu, na SACCOS yetu imekubali kunikopesha 7. Nilikwenda yadi moja Arusha nikatajiwa Noah kwa milioni 15 na laki nane, "bei ya mwisho". Tulipokaa kuandikishana ikawa 17 na nusu: mara uhamisho, mara wakala, mara bima. Mdogo wangu anasema niagize mwenyewe Japani. Dalali mmoja naye ana Probox ya namba za Kenya, bei ya kutupa. Nichukue lipi? Na kwa nini bei hazisimami?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na hilo la mwisho, maana hapo ndipo watu wengi wanapoumia kabla hata hawajawasha gari.

Bei haikusimama kwa sababu ile 15.8 haikuwa bei ya gari. Ilikuwa bei ya kukukalisha kwenye kiti. Bei ya gari ni jumla ya hela yote uliyotoa mpaka siku kadi inatoka TRA na jina lako, bima imelipwa, na gari limesimama nyumbani kwako Kiborloni likiwa na matairi ya kutembelea. Kwa hiyo ukirudi pale, au ukienda yadi nyingine, usiulize "mwisho ngapi?" Uliza hivi: "Mpaka kadi inatoka na jina langu, natoa shilingi ngapi? Niandikie hapa." Asiyetaka kuandika, muage vizuri uende zako. Nimeona watu wazima wanaona haya kuondoka kwa sababu wameshakunywa soda ya mwenye yadi, wakaishia kulipa milioni mbili za soda.

Ukishaandikiwa, chambua ile karatasi mstari kwa mstari. Ada ya uhamisho, kadi mpya na ushuru wa stempu ni hela za serikali, na kila hela ya serikali ina namba yake ya malipo, ile kontroo namba. Omba namba hiyo, lipa mwenyewe kwa simu, risiti ije na jina lako. Kinachobaki bila kontroo namba ni hela ya mtu, na hela ya mtu inajadilika. "Wakala" kwenye gari ambalo tayari liko Arusha na lina namba? Muulize huyo wakala anafanya kazi gani. Bima nayo katafute mwenyewe, si lazima uchukue ya yadi. Na mtu akikuwekea ada ya mwaka ya leseni ya gari, mwambie ilifutwa mwaka 2017 ikahamishiwa kwenye mafuta, shilingi 40 kwa kila lita. Bado wapo wanaoiandika. Wakikutajia bei kwa dola pia kataa, maana tangu mwaka 2025 kanuni zinakataza kuuziana humu nchini kwa bei ya fedha za kigeni. Mwisho dai risiti ya EFD, ile inayotoka kwenye mashine ya kodi, ya kiasi kamili ulicholipa. Wengine watakuomba iandikwe pungufu "ili tusaidiane". Siku mkigombana, risiti pungufu ndiyo itakayosimama kama ushahidi wako.

Sasa la kuagiza Japani. Mdogo wako hajakosea, watu wanaagiza kila siku na wanapata magari mazuri. Ila kwanza akae na kalamu. Kwenye mtandao wa wauzaji wa Japani ataona bei ya gari likiwa kule. Aongeze nauli ya meli na bima mpaka bandari ya Dar es Salaam, ndipo apate ile thamani inayoitwa CIF, halafu TRA waanze kuhesabu juu yake. Tuseme ni gari la abiria la injini kati ya cc 1001 na 2000, kama Noah au IST, na thamani hiyo ni milioni 10. Ushuru wa forodha ni 25%, yaani milioni 2.5, unapata 12.5. Ushuru wa bidhaa ni 5% ya hapo, 625,000. Kama gari limezidi miaka 10 tangu litengenezwe, kuna ushuru wa uchakavu wa 30%, hiyo ni milioni 3.75. Vyote hivyo ukishavijumlisha unafika 16,875,000, na VAT ya 18% inakuja juu ya jumla hiyo: 3,037,500. Kodi peke yake imefika 9,912,500, kabla ya tozo ndogondogo, bandari, wakala na usajili. Gari la milioni 10 limegeuka la 20 likiwa bado halijatoka getini.

Rudia hesabu ileile kwa gari ambalo halijafika miaka 8. Ushuru wa uchakavu unaondoka, kodi inashuka mpaka 5,487,500. Ndiyo maana kuukuu la Japani linaloonekana rahisi huwa ghali likifika kwetu. Wenzetu wa Kenya walikata shauri kwa njia nyingine: lililozidi miaka 8 haliingii kabisa. Sisi tunaliruhusu na tunalilipia. IST zile za kwanza zilizotengenezwa kati ya 2002 na 2007 zote zimeshaangukia kwenye 30%, na ndizo watu wanazozipigia simu kila siku wakishangaa kodi.

Kitu kingine: TRA hawafuati bei uliyonunulia. Wana kikokotoo chao cha magari yaliyotumika, kiko wazi mtandaoni, na kina thamani yao kwa kila aina na mwaka. Muuzaji anaweza kukupunguzia dola 500 ukafurahi, kodi ikabaki palepale. Kwa hiyo mwenye nia ya kuagiza afungue kikokotoo kwanza, aangalie kodi, halafu ndipo achague gari. Watu wanafanya kinyume, wanapenda rangi kwanza.

Na akiagiza, hela ya kukwama aiweke pembeni, asiihesabu kwenye gari. Nasema hili kwa uchungu kwa sababu lilinipata mimi, niliyewahi kufanya kazi ya forodha. Niliagiza gari la familia, nikampa wakala mmoja nyaraka na hela yote ya kodi mkupuo mmoja kwa sababu tulikuwa tunafahamiana. Meli ikashusha. Kila nikipiga simu, jibu ni "linashughulikiwa". Siku za bure bandarini zikaisha, hifadhi ikaanza kuhesabu. Nilipanda basi mwenyewe mpaka Dar, nikalikuta limejaa vumbi, kwenye kioo cha mbele mtu ameandika kwa kidole namba ya foleni. Kodi ilikuwa haijalipwa hata senti. Hela yangu ilitoa gari la mteja mwingine, na wakala alikuwa anasubiri hela ya mteja wa tatu ndipo atoe langu. Siku 23 za hifadhi nilizilipa mimi. Tangu siku hiyo namwambia kila mtu: wakala mpe ujira wake, kodi ilipe mwenyewe kwa kontroo namba, na tarehe ya meli kufika ijue wewe, usisubiri kuambiwa.

Karatasi ya mnada nayo muhimu. Magari mengi ya Japani hupitia mnadani, na kila gari lina karatasi yenye alama: 4.5, 4, 3.5 na kuendelea kushuka. Ukiona herufi R mahali pa alama, gari hilo liligongwa likatengenezwa. Si lazima liwe baya, lakini halipaswi kuwa na bei ya ambalo halijagongwa. Muuzaji akisema karatasi imepotea, chukulia kwamba ni R.

Kilometa za kwenye dashibodi zisikudanganye. Juzi nilikagua gari kwenye yadi hapa Arusha, dashibodi inasoma 78,000. Limeoshwa, viti vinanukia, injini imepigwa dawa inang'aa. Nikafungua mlango wa dereva, nikainama kwenye nguzo unapofungia mlango. Kulikuwa na stika ndogo ya gereji ya Kijapani ya kubadilisha oili, imebanduliwa nusu, ile nusu iliyobaki imeandikwa kwa kalamu: 142,300. Mwenye yadi aliitazama, hakusema kitu, akapunguza laki nane. Mteja wangu hakulichukua. Kama wamefuta dashibodi, wamefuta nini kingine? Kwa hiyo tafuta hizo stika: nguzo ya mlango, chini ya boneti, kwenye kifuniko cha mkanda wa injini. Na kwa lililoingia karibuni omba kuona cheti cha Japani cha kulitoa nje ya nchi, huwa kina kilometa za ukaguzi wa mwisho wa kule.

Hiyo Probox ya namba za Kenya iache. Sina maneno mengi hapa. Gari la Kenya linaingia kwetu Namanga au Holili kwa kibali cha muda, na haliwezi kuwa lako mpaka lilipiwe kodi za hapa na kusajiliwa upya. Ile "bei ya kutupa" ni bei ya gari lisilolipiwa kodi. Litakaa nawe mpaka siku litakapokamatwa, na dalali atakuwa ameshabadilisha laini ya simu.

Sasa nikuulize mimi. Kreti 40 za parachichi zina uzito gani? Hukuniambia, lakini kreti iliyojaa mara nyingi inacheza kilo 20 mpaka 25. Hiyo ni kilo 800 mpaka 1,000. Noah limetengenezwa kubeba watu wanane. Watu wanane wa kilo 60 ni kilo 480. Unataka kulibebesha mara mbili ya hapo, kwa kilometa 80 kwenda Arusha, mara mbili kwa wiki. Kabla mwaka haujaisha utakuwa umenunua shokapu na springi za nyuma, bushi zimekwisha, na siku ukitaka kuliuza kila fundi atakayelipandisha juu atamwambia mnunuzi kwamba lilikuwa punda. Gari la kubeba familia Jumapili na parachichi Jumatatu halipo kwa bei hii. Chagua mzigo, maana mzigo ndio unaolipa ada za watoto. Kanisani mtafika kwa hiace.

Kwa mzigo wako wa Arusha gari lake ni Canter, lile lori dogo. Canter lililo zima haliko ndani ya milioni 18, na la milioni 18 litakumaliza kwa fundi. Kwa hiyo ushauri wangu utakushangaza: usinunue gari la kwenda Arusha. Nunua Kirikuu, kile kigari kidogo cha mzigo, la kushusha mzigo kutoka Uru na Kibosho mpaka Moshi mjini, na safari ya Arusha endelea kulipia nafasi kwenye Canter la wenzako.

Nakueleza kwa nini. Shida yako kubwa, kama nimekuelewa, ni kukodi gari linalozunguka mashambani, linasubiri wavunaji, dereva ananuna, bei inapanda. Barabara ya lami mpaka Arusha ni rahisi, Canter zinakwenda kila siku zikiwa na nafasi. Kirikuu ni injini ya cc 660, halili mafuta, vipuri vyake vimejaa na kila fundi wa Pasua na Majengo analijua. Ila kaa nyuma yake utazame mlango wa bodi. Kama halijapakwa rangi upya utaona maandishi ya Kijapani, na mwishoni tarakimu 350 na kg. Huo ndio mzigo wake wa juu kisheria kule lilikotengenezwa: kilo 350. Hapa kwetu tunalipandishia 800 mlima wa Kibosho halafu tunashangaa gasketi ya silinda hedi imeungua. Kwako ni kreti 14 kwa safari. Kreti 40 ni safari tatu fupi. Ukiheshimu hilo, Kirikuu litakutumikia miaka mingi.

Na Kirikuu lililotumika hapa nchini, lililo zima, unaweza kulipata ndani ya milioni zako 11, ukabakiwa na hela ya matengenezo ya mwanzo. Ile 7 ya SACCOS iache hukohuko. Mkopo unaanza kudai mwezi wa kwanza, na gari la mkononi huanza kudai siku ya kwanza: oili, pulagi, breki, betri, matairi. Tenga angalau milioni moja na nusu kwa ajili hiyo na usiiguse wakati wa kupatana bei. Ukiona mwaka umepita, daftari linaonyesha faida, hapo SACCOS watakukopesha kwa ajili ya Canter na utakuwa na mahesabu ya kuwaonyesha. Daftari lenyewe lianze leo: unasafiri mara 104 kwa mwaka. Zidisha kwa kiasi unachokodi, tenganisha kipande cha mlimani na cha Arusha. Kama kipande cha mlimani hakifiki hata nusu ya ulichodhani, endelea kukodi na usinunue chochote. Sioni aibu kumwambia mtu asinunue.

Siku ya kukagua nenda na fundi wako, unayemlipa wewe siku yake nzima, asiwe yule "anayepatikana hapahapa". Mwambie mwenye gari asiliwashe kabla hamjafika. Weka kiganja kwenye boneti, likiwa la moto kuna kitu kimefichwa, pengine linasumbua kuwaka asubuhi. Fungua mfuniko wa oili: ukikuta utando kama chai ya maziwa, maji yameingia kwenye injini, muageni kwaheri. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho, ukikuta mstari wa tope huko ndani gari lilizama kwenye mafuriko. Soma matairi: zile tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa hiyo 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016, na hilo ni la kubadilisha hata kama meno yamejaa. Kisha lipelekeni barabara ya Arusha mpaka Kikafu. Shukeni mpaka darajani, mpande tena. Zima redio kwenye kupanda, sikiliza gia, angalia geji ya joto. Kushuka kunapima breki, kupanda kunapima injini, na moshi wa bluu nyuma maana yake linakula oili.

Herufi ya namba isikufumbe macho. "Ni namba D mama", "ni namba E hii". Herufi inaonyesha gari liliingia lini kwenye daftari la Tanzania, haionyeshi umri wake. Kuna E iliyotengenezwa kabla ya C ya jirani yako. Mwaka wa kutengenezwa uko kwenye kadi, usome.

Kwenye kadi linganisha pia namba ya chesisi na ile iliyogongwa kwenye chuma chenyewe, na namba ya injini. Vikirikuu vingi vimebadilishwa injini na kadi haikurekebishwa. Hilo halirekebishiki kwa maneno, mwenye gari alishughulikie yeye kabla hujalipa. Angalia faini kwa namba ya gari kwenye mfumo wa polisi wa usalama barabarani, kila kosa ni 30,000, na barabara yetu hii ya Moshi na Arusha inajua kuzizalisha. Hakikisha bima kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, usiridhike na stika. Kadi halisi uione kwa macho, si picha ya simu, kwa sababu kadi nyingi zimewekwa dhamana kwa wakopeshaji. Mkataba uandikiwe kwa mwanasheria, aliyetajwa kwenye kadi awepo mwenyewe. Akija mdogo wake au shemeji yake, msubirini mwenye kadi.

Ukilitumia kubebea mzigo wa wengine kwa malipo, hapo unaingia kwenye biashara ya usafirishaji: leseni ya LATRA (mamlaka ya usafiri wa nchi kavu), namba nyeupe, bima ya biashara ambayo ni ghali kuliko ya binafsi. Watu wa bima uwaambie ukweli tangu mwanzo, maana bima ya gari binafsi inaweza kukukana siku ya ajali.

Kuhusu wakati: usinunue Novemba wala Desemba. Wenzetu wanarudi nyumbani Krismasi, kila mtu anataka kupandisha mlimani na gari, na madalali wa Moshi wanalijua hilo kuliko mapadri. Subiri Januari, wiki ya pili na ya tatu. Ada za shule zimefika, magari yaliyokuja kwa mbwembwe yanauzwa, na mwenye shida anajibu simu mara ya kwanza.

Ukipata linalokuvutia, nipigie picha tatu: kadi, chesisi, na mlango wa bodi kwa nyuma. Nitumie kabla hujatoa hata ile laki moja ya "kushikilia".